Sindano ya Pili Haingoji: Kupanga Saa za Homoni kwa Paka Jike

Paka jike hana haraka na mayai yake. Kwa ng'ombe au mbuzi, yai huachiwa siku yake ikifika, amepandwa hajapandwa. Paka, isipokuwa wachache, huyashikilia mayai mpaka dume amjie. Uume wa shume una vimiiba vidogo. Vikimkwaruza jike, habari hufika ubongoni, ubongo huamuru homoni imwagike, na mayai huachiwa baada ya siku moja hadi mbili hivi. Kile kilio unachokisikia juu ya mabati ya Ngamiani, hapa Tanga, usiku wa manane ndiyo dakika saa inapoanza kuhesabu.

Anayetaka kulikutanisha yai la paka na mbegu ndani ya sahani ya maabara inabidi aifanye kazi ya shume kwa bomba la sindano. Sindano ya kwanza hukuza vifuko vya mayai. Ya pili huwa badala ya dume. Kati ya ya kwanza na ya pili hupita saa 80 hadi 84. Kati ya ya pili na kuvuna mayai hupita saa 24 hadi 27, yaani mayai yameshapevuka lakini hayajatoka kwenye vifuko. Vifaa utaazima, fedha utakopa, lakini saa hizo hakuna wa kukuongezea.

Nauandikia mwongozo huu daktari wa mifugo kijana, mwanafunzi wa maabara na paraveti anayefanya kazi chini ya daktari. Mwenye paka wa nyumbani anayetaka watoto wa paka hauhitaji. Amwachie jike wake dirisha wazi, Tanga haina uhaba wa mashume.

Wengine huniuliza faida yake nini, ilhali paka wamejaa kila kona ya soko la samaki la Deep Sea. Faida haiko kwa paka wa Deep Sea. Mwezi Februari 2020, kwenye bustani ya wanyama ya Columbus, Marekani, walizaliwa watoto wawili wa duma ambao mayai yao yalirutubishwa maabarani, wakabebwa na duma mwingine. Njia hiyo ilifunguliwa na paka wa kawaida: mwaka 1988, mtafiti Goodrowe na wenzake, Marekani hukohuko, walieleza jinsi walivyopata watoto wa paka kwa mayai yaliyorutubishwa kwenye sahani. Sisi tuna duma, chui, mondo, simbamangu na paka pori, ambaye ndiye ukoo wa huyu anayelala jikoni kwako. Siku mkono wa Mtanzania utakapohitajika kwa mmoja wao, haifai uwe ndiyo kwanza unajifunza.

Neno la sheria, kisha tuendelee. Kuagiza dawa hizi, kulaza mnyama na kumpasua ni kazi ya daktari aliyesajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamgusa pia mnyama wa utafiti, kwa hiyo tafuta kibali chako kwanza. Paka anayelia kwa maumivu kwenye meza yako ni kosa, hata mayai yawe mazuri kiasi gani.

Kwanza, anza na ovari zisizohitaji ratiba

Usianze na homoni. Anza na paka wanaoletwa kutolewa kizazi. Ovari ambazo zingetupwa, zitie kwenye maji ya chumvi ya dripu yenye antibayotiki kidogo, kwenye kichupa safi, ndani ya chombo chenye barafu. Zikikaa kwenye nyuzijoto 4 mayai yake bado hufaa kwa saa 24 hivi, muda unaotosha kabisa hata basi likipita Segera na Chalinze kwenda Morogoro. Ukifika, zikate kwa kisu chembamba ndani ya sahani, tafuta mayai, uyapevushe kwenye inkubeta, lile kabati la joto la maabara, saa 24 hadi 32.

Hapa ndipo utakapolijua yai la paka kwa sura. Yai zuri la paka ni jeusi. Aliyezoea picha za yai la binadamu akiliona hudhani limekufa. Weusi ule ni mafuta. Ukiwa umeenea sawasawa, na chembe zinazolizunguka zimelikumbatia tabaka juu ya tabaka, hilo ndilo. Ukiona mabaka, au upande mmoja mweupe na mwingine mweusi, au yai liko uchi, liweke kando. Mimi nilitupa mayai mazuri ya paka watatu kabla sijaambiwa hivyo.

Ukishafanya hivi mara kumi, na ukawa unalipata yai kwenye sahani bila jasho kukudondokea, ndipo uje kwenye sindano.

Hatua ya 1: Jike gani

Awe mzima, ameshabalehe, umri wa mwaka mmoja hadi mitano, uzito usiopungua kilo mbili na nusu. Awe amepimwa virusi vya leukemia ya paka na virusi vya upungufu wa kinga ya paka, amepewa dawa ya minyoo, na amekaa mbali na madume kwa muda wa kutosha kujua kwamba hana mimba. Kwa desturi yangu hukaa wiki sita chumba cha peke yake. Paka akiachia mayai bila kushika mimba hukaa kwenye mimba ya uongo kama mwezi na siku kumi, na ukimchoma homoni katikati yake ovari hazikusikilizi vizuri.

Huku kwetu tuna nafuu moja. Ulaya, mchana ukifupika wakati wa baridi, paka jike hunyamaza miezi kadhaa, na maabara zao huwawashia taa saa 12 hadi 14 kwa siku wasizime. Tanga mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, hivyo paka wetu huja kwenye joto, yaani hutaka dume, miezi yote. Ubaya wake ndio huohuo: jike asiyepandwa hurudi kwenye joto kila baada ya wiki mbili au tatu, ni rahisi kumkuta katikati ya joto lake mwenyewe, vifuko vyake vimeshaanza safari yake, homoni yako ikavikuta njiani.

Usitegemee macho peke yake, na mwenye paka muulize. Nilikwenda Makorora kwa bibi mmoja aliyekuwa tayari kunipa jike wake, paka mweupe mwenye doa la chungwa sikioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umemjia Shani?"

"Ndiyo bibi. Ila nina swali. Ameshawahi kuchomwa sindano ya kuzuia mimba?"

"Mwaka jana. Mjukuu wangu alileta ile ya kina mama, tukamchoma. Tangu siku hiyo kimya, hazai wala halii usiku. Si vizuri?"

Si vizuri. Sindano ile kwa paka hukaa mwilini muda mrefu. Huweza kuvimbisha matiti, kuleta kisukari, na kuujaza mfuko wa uzazi usaha. Nilipombonyeza Shani tumboni nilihisi kamba mbili nene ambapo hapakupaswa kuhisika kitu. Hakuingia kwenye kazi yangu. Aliingia kwenye upasuaji wiki ileile, mfuko wake ukatolewa ukiwa mnene kama kidole gumba, na bibi akarudishiwa paka wake. Kwa hiyo swali la sindano ya kina mama liwe la kwanza kwenye fomu yako.

Kama una hadubini, chukua chembe za ukeni kwa kijiti chembamba cha pamba kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi. Chembe zikiwa za duara zenye kiini, ametulia. Zikiwa bapa zenye pembe, viini vimepotea, yuko kwenye joto; subiri. Fanya hivyo kabla ya sindano ya kwanza tu. Kijiti kile kikichezewa ukeni siku yupo kwenye joto kinaweza kufanya kazi ya shume, na mayai yakatoka kabla yako.

Hatua ya 2: Andika kadi, kwa kuhesabu nyuma

Hii ndiyo hatua iliyoniharibia kazi nyingi kuliko zote, na hakuna kitabu cha Kizungu kitakachokuonya, maana wao hawana tatizo letu.

Anza na saa ya kuvuna mayai, ndiyo uhesabu kurudi nyuma. Tuseme daktari wa upasuaji anapatikana Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi. Rudi nyuma saa 26: Alhamisi tarehe 13, saa mbili asubuhi, sindano ya pili. Rudi nyuma saa 84: Jumapili tarehe 9, saa mbili usiku, sindano ya kwanza. Mpango huu naupenda. Sindano zote mbili zinaangukia "saa mbili", moja ya usiku, moja ya asubuhi, na Ijumaa sahani inaingia kwenye inkubeta kabla watu hawajakwenda msikitini.

Sasa mitego. Wa kwanza kila mtu anaujua ila kila mtu huuingia. Ukiandika "8:00" kwenye kadi, mmoja atasoma saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana. Ukiandika "saa 2", yule aliyezoea saa ya simu atasema saa nane usiku. Ni saa sita zimepotea, na dirisha letu lote lina upana wa saa nne.

Mtego wa pili ni wa pwani hasa, na ndio ulionipata. Mimi nimekulia Lushoto. Kwangu "usiku wa Jumatatu" ni usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumatatu. Msaidizi wangu ni mzee wa Pangani, mtu makini kuliko mimi, ambaye kwake usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa kwake ni Alhamisi jua likishazama, wakati watu wanaposoma Yasini. Nikamwambia, "Mzee, sindano ya kwanza usiku wa Jumatatu, saa mbili." Akaitikia. Jumapili saa mbili usiku akachoma, akaosha mikono, akaenda zake. Ijumaa asubuhi nikachoma ya pili nikijisifu kwamba nimepiga saa 84 kamili. Zilikuwa 108. Jumamosi tulipofungua tukakuta vifuko vimevimba, vimejaa maji. Nilipata mayai saba, matano yamechakaa, ya kahawia yamemeguka. Nilimlaumu mzee hadi aliponiuliza kwa upole, "Mwanangu, Ramadhani ukiandama mwezi, tarawehe ya kwanza unaswali lini?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo kadi yangu inaandikwa hivi, kwa kalamu ya wino, na inabandikwa kwenye kizimba cha paka:

Sindano ya kwanza: Jumapili tarehe 9, 20:00, saa mbili usiku, kesho yake asubuhi ni Jumatatu.
Sindano ya pili: Alhamisi tarehe 13, 08:00, saa mbili asubuhi.
Chakula cha mwisho: Alhamisi tarehe 13, 21:00, saa tatu usiku.
Kuvuna: Ijumaa tarehe 14, 10:00, saa nne asubuhi.

Tarakimu za saa ishirini na nne, kisha maneno ya Kiswahili, kisha tarehe. Anayechoma husoma kwa sauti, wa pili huitikia, wote huweka sahihi na dakika yenyewe. Neno "usiku wa" silitumii kabisa.

Ukichelewa sindano ya kwanza hakuna hasara, sogeza kadi nzima. Ukichelewa ya pili huna pa kusogeza. Mapema mno, mayai hayajawa tayari kupevuka. Kuchelewa mno, umeshaona yaliyonipata.

Hatua ya 3: Vichupa na hesabu ya mililita

Homoni ya kwanza hutokana na damu ya farasi mwenye mimba. Kwenye kichupa imeandikwa eCG, na kwenye vya zamani PMSG. Ya pili hutokana na mkojo wa mama mjamzito, nayo imeandikwa hCG. Zote mbili huja zikiwa unga mkavu na maji yake pembeni.

Dozi inayotumika sana ni uniti 150 za eCG kwa paka mmoja, na maabara nyingi hucheza kati ya 100 na 200. Ya hCG ni 100 hivi. Usidhani ukizidisha utapata mayai zaidi. Homoni ya farasi hukaa sana kwenye damu. Ukizidisha, ovari huendelea kukuza vifuko vipya hata baada ya kazi kwisha, na mayai unayopata huwa mengi ya hovyo.

Hesabu sasa. Kichupa cha eCG chenye uniti 1,000 ukikitia mililita 5 za maji, kila mililita ina uniti 200. Uniti 150 ni mililita 0.75. Kichupa cha hCG chenye uniti 1,500 kwa mililita 5 kina uniti 300 kwa mililita, na uniti 100 ni theluthi moja ya mililita, 0.33. Kama ni kile cha uniti 5,000, tia mililita 10. Uniti 100 ni mililita 0.2. Andika ubavuni mwa kichupa uniti ngapi zimo kwenye mililita moja, siyo jumla tu.

Hapo kuna shimo. Mabomba madogo tunayoyapata kwenye duka lolote la dawa ni ya insulini, na mistari yake imeandikwa "uniti". Hizo ni uniti za insulini, 100 kwa mililita moja, hazihusiani na uniti za homoni yako. Nimemwona mwanafunzi akivuta hadi mstari wa 100 akiamini ndizo uniti 100 za hCG. Alikuwa amevuta uniti 300. Kwenye bomba hilo mililita 0.33 ni mstari wa 33. Uweke alama kwa kalamu kabla ya kuvuta.

Zungusha kichupa taratibu kati ya viganja, usikitikise kama chupa ya maji ya matunda. Choma kwenye msuli wa mbele ya paja. Nyuma ya paja unapita mshipa mkubwa wa fahamu, na paka akichomwa hapo anaweza kuburuta mguu.

Ubaridi: nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme ukikatika usifungue friji kila dakika tano kuangalia kama bado ni baridi, ndivyo unavyoimaliza. Tia kipimajoto ndani chenye waya unaotoka nje. Ukikatika kwa muda mrefu, barafu ya wavuvi ipo, tena ya bei ndogo, lakini funga vichupa kwa magazeti mara mbili kwanza. Dawa iliyokwisha changanywa ikigusana na barafu huganda, na ikiganda ovyoovyo nguvu yake hutaiamini tena.

Hatua ya 4: Siku tatu za kungoja

Mwache. Kuanzia siku ya tatu atajiviringisha, atalia, atainua kiuno na kupeleka mkia kando. Asishikwe mgongo wala kiuno, na watoto wa mlinzi waambiwe. Dirisha liwe na wavu wa chuma; ule wa mbu shume wa Chumbageni huupasua kwa kucha mbili. Asipoonyesha dalili zozote, usiivunje ratiba kwa sababu hiyo. Wengine ni wa aibu, ovari zinafanya kazi kimya.

Hatua ya 5: Mbegu za dume

Njia rahisi ni dume anayehasiwa siku hiyohiyo. Makende yakitoka, kata mkia wa ule mrija uliojikunja ubavuni mwa kende, uchanechane ndani ya tone la maji ya maabara yenye joto la mwili, na mbegu zitaogelea zenyewe kutoka. Njia ya pili ni dume kulazwa kwa medetomidini kisha mpira mwembamba kupitishwa kwenye njia ya mkojo. Dawa yenyewe hufanya mbegu zishuke. Usishangae uchache wake. Shahawa za paka ni matone machache tu.

Angalia sura zake chini ya hadubini. Paka wapo wengi ambao zaidi ya nusu ya mbegu zao zina kasoro, mikia imejikunja au vichwa vimepotoka, na kwa nje dume ni dume kwelikweli. Zioshe, ziache zilizo hai ziogelee juu, kisha ukadirie mbegu kati ya laki mbili na milioni moja zinazotembea kwa kila mililita ya tone la mayai.

Hatua ya 6: Kuvuna

Kazi ya daktari na kamera ya tumboni. Tundu dogo kwenye kitovu, jingine la kushikia ovari, na sindano iliyounganishwa na pampu ya kuvuta taratibu. Vifuko vya milimita 2 na kuendelea vinachomwa kimoja kimoja, maji yake yanaingia kwenye mrija wenye heparini ili damu isigande ikayafunga mayai. Ukiona juu ya ovari madoa mekundu yaliyopasuka badala ya malengelenge angavu, umechelewa, mayai yamekwisha kwenda kwenye mirija.

Kwa joto letu kila mtu anataka kiyoyozi. Kizime wakati wa kutafuta mayai. Tone dogo kwenye sahani hupoa upesi kuliko unavyodhani, na yai likipoa ghafla baada ya kutoka kwenye mwili wa nyuzijoto 38 huumia ndani pasipo kuonekana nje. Jasho utajifuta. Sahani, mirija na meza ya hadubini viwe vimepashwa moto nusu saa kabla.

Hatua ya 7: Kwenye sahani

Mayai yaingie kwenye matone yenye mbegu, chini ya mafuta ya madini, nyuzijoto 38 hadi 38.5, kaboni dayoksidi asilimia 5, unyevu umejaa. Kwa kadi yetu ni Ijumaa saa sita mchana. Jumamosi asubuhi, saa 18 hadi 20 baadaye, vuta kila yai na kulitoa kwenye mrija mwembamba mara kadhaa ili chembe zinazolizunguka zibanduke, ulihamishie tone safi. Kuanzia adhuhuri hadi magharibi ya siku hiyo, tafuta yaliyogawanyika mara mbili.

Usifurahi haraka. Yai lililochakaa hugawanyika pia, vipande visivyolingana, na mengine hugawanyika bila mbegu. Ndiyo maana kila mara weka mayai machache kwenye tone lisilo na mbegu. Yakigawanyika na hayo, sherehe yako isubiri. Viinitete vya kweli hufika umbo la tunda la mforsadi siku ya 4 au ya 5, na siku ya 6 au ya 7 hufanya tundu la maji katikati.

Umeme ukikatika, mlango wa inkubeta usifunguliwe. Tazama rangi ya maji kupitia kioo: yakiwa ya waridi inayoelekea chungwa, gesi bado ipo, yakielekea zambarau, gesi imetoroka. Jenereta iwe imejaribiwa Alhamisi, siyo Ijumaa.

Kupandikiza kiinitete kwa jike mwingine ni somo jingine. Huyo naye anahitaji kadi yake, ilingane na ya mtoaji, na tumbo lake lisiwe limevurugwa na homoni nyingi za farasi. Kwa wanaoanza, kuhesabu vilivyofika siku ya 7 kunatosha.

Hatua ya 8: Jike baada ya kazi

Akiamka awekwe pakavu na joto, apewe dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari. Kamwe asipewe paracetamol, hata robo kidonge. Ini la paka haliwezi kuisafisha, na inaua. Mwambie hivyo mwenye paka wakati wa kumrudisha, kwa sababu ndiyo dawa iliyomo kwenye kila kabati la nyumba.

Anaweza kuonyesha mimba ya uongo kwa mwezi na ushei, matiti yakavimba kidogo. Akipoteza hamu ya kula au akitoa usaha, arudi siku hiyohiyo.

Usimrudie mwezi ujao. Mwili wa paka huzitambua homoni hizi kama vitu vya kigeni, hutengeneza kinga dhidi yake, na raundi inayofuata ovari huwa bubu hata uongeze dozi. Mimi humpa miezi sita. Tarehe ya kurudi naiandika chini ya kadi ileile, kwa tarakimu na kwa maneno, ndipo naikunja na kumpa mwenye paka.